Tarehe ya Faili Ilinidanganya: Somo la Kache Kutoka Mazoezi ya Kufundisha

Makala hii ina ufundi kidogo, lakini usiikimbie. Kama umewahi kumwambia mtu "mbona kwangu inafanya kazi?", basi inakuhusu. Imetokana na kosa langu mwenyewe, na kosa hilo lilimpa mtoto wa watu F ya Hisabati wakati alikuwa amepata 82.

Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na TEHAMA. Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari wilayani Chamwino. Ilikuwa Julai, na wanaoijua Dodoma wanaijua Julai yake: upepo wa baridi tangu alfajiri, na vumbi linaloingia hadi ndani ya kibodi. Ofisi ya taaluma ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, printa moja, na flashi moja iliyofungwa uzi mwekundu isipotee. Intaneti hakuna.

Walimu walikuwa wanajaza alama za mtihani wa mwezi kwenye kompyuta hiyo, kisha mwalimu wa taaluma anakaa na kikokotoo hadi usiku akitafuta wastani, madaraja na nafasi. Mimi, kwa kutaka sifa kidogo, nikamwambia, "Mwalimu, hiyo kazi niachie. Naandika programu." Akacheka, akanipa flashi.

Programu yenyewe

Niliiandika kwa Python. Ilikuwa inasoma faili la alama kwenye flashi, inatafuta wastani wa kila mwanafunzi, inapanga madaraja kwa utaratibu tunaoujua wa Kidato cha Nne (A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, chini ya hapo F), halafu inatengeneza ripoti ya kila mmoja tayari kuchapwa.

Kisha nikaongeza mbwembwe. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba programu nzuri hairudii kazi iliyokwisha kuifanya. Kwa hiyo nikaiwekea kache.

Kache ni akiba ya majibu. Chukua mfano wa ratiba ya mitihani. Ikibandikwa ubaoni, hakuna anayekwenda kuisoma kila siku. Unaipiga picha kwa simu, basi. Ukitaka kujua mtihani uko wapi unaangalia picha. Picha hiyo ndiyo kache yako. Inakuokolea miguu. Tatizo ni moja tu: utajuaje kwamba ratiba ya ubaoni imebadilika na picha yako sasa ni ya uongo? Kuitupa picha iliyopitwa na wakati ndiko kunaitwa kuibatilisha kache, na hapo ndipo vichwa vinapouma.

Njia rahisi ni kuangalia tarehe iliyoandikwa juu ya ratiba. Ikiwa mpya kuliko ya kwenye picha, unapiga picha nyingine. Kompyuta nayo inafanya vivyo hivyo. Kila faili lina maelezo yake pembeni, yaani hali ya faili: ukubwa wake kwa baiti, na muda lilipobadilishwa mara ya mwisho. Programu inaweza kuuliza maelezo hayo bila kulifungua faili. Mimi nikaandika hivi:

    if muda_wa_faili > muda_wa_kache:
        kokotoa_upya()

Yaani, faili likiwa jipya kuliko kache, piga hesabu upya. Lisipokuwa jipya, tumia majibu ya zamani. Inaonekana ya akili kabisa, sivyo? Lakini rudi kwenye ratiba. Tuseme mtu amekuja na kalamu, amefuta ukumbi mmoja akaandika mwingine, na tarehe ya juu hakuigusa. Wewe utakwenda kwenye ukumbi uleule wa zamani, ukijiamini.

Siku ilipoanguka

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Kidato cha Tatu walikuwa 45, ripoti 45 zikatoka. Halafu wanafunzi wawili waliokuwa wagonjwa wakafanya mtihani wao. Mwalimu akawaongeza mwisho wa orodha kwenye kompyuta ya ofisi, akahifadhi kwenye flashi, akaniletea. Nikachomeka kwenye laptopu yangu, nikaendesha programu. Ikatoa ripoti ya 1, ya 2, ya 3... ilipomaliza ya 45 ikaanguka. Ujumbe ulikuwa IndexError: nimeiomba orodha kitu ambacho haina.

Jioni nikarudi nilikopanga, nikalifungua faili, nikaongeza nafasi moja mahali fulani ili nijaribu, nikahifadhi. Ripoti 47 zikatoka bila shida. Nikasema aah, labda flashi ilikuwa haijakaa sawa. Kesho yake mwalimu kasahihisha jina moja, kahifadhi, nimechomeka, imeanguka tena palepale. Nikalaumu virusi. Nikalaumu umeme, maana ulikuwa umekatika usiku. Nikalaumu hata vumbi. Jambo moja tu sikulilaumu: mstari wangu wa msimbo.

Hapa kuna somo la kwanza la kusaka hitilafu. Hitilafu inayotokea ofisini na kupotea chumbani haijapona. Inakuambia kwamba kati ya ofisini na chumbani kuna kitu kinabadilika. Kitafute hicho. Kwangu mimi kilichobadilika ni kimoja: chumbani faili nilikuwa nalihifadhi mimi, kwa laptopu yangu. Ofisini lilihifadhiwa kwa kompyuta ya ofisi.

Badala ya kuendelea kubahatisha, nikaongeza mistari miwili ya kuchapa kwenye skrini kile ambacho programu inakiamini: muda wa faili, na muda wa kache. Kache ilisema Julai, mwaka jana. Faili, lililohifadhiwa asubuhi ileile mbele ya macho yangu, lilisema 1 Januari 2009.

Betri ya sarafu

Kila kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya duara kama sarafu, nyingi ni aina ya CR2032 ya volti 3. Kazi yake mojawapo ni kuifanya saa ya ndani iendelee kutembea umeme unapokuwa umezimwa. Betri ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Kompyuta zilizounganishwa na intaneti hujisahihisha zenyewe. Ile ya ofisini haikuwa na wa kuiuliza.

Na dalili ilikuwepo siku zote. Kila asubuhi kompyuta ile ilikuwa inawaka na maandishi ya onyo, na kila mwalimu alikuwa amezoea kubonyeza F1 ili iendelee. Mimi mwenyewe nilishabonyeza F1 mara kadhaa bila kusoma kilichoandikwa.

Sasa unganisha. Faili jipya lina tarehe ya 2009. Kache ina tarehe ya mwaka jana. Programu inauliza, je, 2009 ni mpya kuliko mwaka jana? Hapana. Basi tumia kache. Majina ilikuwa inayasoma moja kwa moja kwenye faili, ikapata 47. Wastani ikauchukua kwenye kache, ikapata 45. Ilipofika kwa wa 46, akiba imekwisha, ikaanguka.

Nilipoelewa hivyo nikashukuru kwamba iliangukia hapo. Wale wawili wangeongezwa katikati ya orodha kwa kufuata alfabeti, kila mtu baada yao angepewa wastani wa jirani yake. Programu inayoanguka angalau inapiga kelele.

Dawa ya kwanza, na mtoto wa 82

Nikarekebisha. Alama ya "kubwa kuliko" nikaibadilisha kuwa "si sawa na". Yaani muda wa faili ukitofautiana na ule niliouhifadhi, uwe wa mbele au wa nyuma, piga hesabu upya. Nikaongeza na ukubwa wa faili: baiti zikitofautiana, piga upya pia. Nikajaribu, ikapita. Nikatangaza ushindi.

Ijumaa walimu wakaniletea karatasi ya masahihisho matano ya Hisabati, tarakimu zilizopinduliwa wakati wa kujaza. Nikaandika kipande cha programu kinachochukua sahihisho moja, kinalihifadhi kwenye faili, kinapiga hesabu, kinatoa ripoti, kisha kinakwenda kwa linalofuata. Yote matano yakaisha kufumba na kufumbua. Ripoti zikachapwa, zikagawiwa.

Jumatatu, mapumziko ya chai, kijana mmoja kasimama mlangoni.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Madam, Hisabati nimepewa 28. Karatasi yangu ina 82."

Karatasi alikuwa nayo mkononi. Na kwenye orodha ya masahihisho yeye alikuwa wa tatu. Nikalifungua faili: 82. Nikaiangalia ripoti: 28, F. Safari hii programu haikuanguka. Ilikosea kimyakimya.

Usidhani ni tofauti ndogo. Daraja la ufaulu linatokana na masomo saba yaliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Hisabati yake ikiwa F ilikuwa inaachwa nje, na saba zake bora zilikuwa na jumla ya 18, yaani daraja la pili. Ikiingia A ya Hisabati badala ya C moja, jumla inakuwa 16, daraja la kwanza. Yeye alikuwa ameshakwenda na ripoti nyumbani mwisho wa juma. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba bibi yake hakusema kitu, alikunja tu karatasi akairudisha kwenye bahasha. Sikujua nimjibu nini zaidi ya pole.

Sekunde mbili

Kwa nini "si sawa na" haikutosha? Flashi nyingi za kawaida zimepangwa kwa mfumo wa FAT32. Mfumo huu ni wa familia ya zamani, tarehe zake zinaanzia 1980, na muda wa kubadilishwa kwa faili unaandikwa kwa hatua za sekunde mbili. Hauna uwezo wa kuandika sekunde ya 31. Utaandika 30 au 32. Diski ya ndani ya laptopu yangu inatumia NTFS, ambao unaweza kuandika muda kwa vipande vidogo vya nanosekunde 100, ingawa saa yenyewe ya kompyuta haiendi kwa udogo huo. Ndiyo maana majaribio yangu yote kwenye diski ya ndani yalipita.

Kwenye flashi ilikuwa hivi. Sahihisho la kwanza likaandikwa, hesabu ikapigwa, kache ikahifadhi muda. La pili na la tatu yakaandikwa ndani ya sekunde mbili zilezile, kwa hiyo muda haukubadilika. Na ukubwa je? "28" ni herufi mbili. "82" ni herufi mbili. Baiti ni zilezile. Maelezo ya pembeni yakasema faili halijaguswa, wakati ndani limeguswa.

FAT ina mtego mwingine. Inaandika saa ya ukutani bila kusema ni ya mji gani. Ni kama tiketi ya basi iliyoandikwa 12:00 tu. Je, ni saa kumi na mbili alfajiri ya Kiswahili, au saa sita mchana? Ukikosea, basi limeondoka. Kompyuta ambayo imeachwa na saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kwa sababu aliyeweka Windows hakuchagua eneo, iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 11, au 10 wakati wao wa kiangazi. Faili ililoliandika sasa hivi, ukilisoma kwenye kompyuta yenye saa za Dodoma, litaonekana ni la jana au la alfajiri.

Wakubwa nao wamepita hapa

Nilijiona mjinga peke yangu hadi nilipoanza kusoma. Git, programu ambayo wenzetu wa Informatiki wanaitumia kila siku, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na nayo inaangalia hali ya faili ili isilazimike kusoma mafaili yote ya mradi. Waandishi wake waliona hatari ileile ya faili kubadilishwa ndani ya kipande kilekile cha muda. Walichofanya: kama muda wa faili unalingana na muda ambao Git iliandika orodha yake, au uko mbele yake, Git haiuamini. Inafungua faili na kulinganisha yaliyomo.

Python yenyewe, lugha niliyoitumia, inahifadhi msimbo uliokwisha kutafsiriwa ili isirudie kazi. Kwa kawaida inajua kama umebadilika kwa kuangalia mambo mawili: muda kwa sekunde nzima, na ukubwa. Ni mambo yaleyale mawili niliyoyaamini mimi. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018 iliongezwa njia nyingine ya hiari, ya kuangalia yaliyomo.

Somo lenyewe

Ukisahau yote, baki na hili. Maelezo ya pembeni yakiwa tofauti, una sababu ya kuangalia upya. Maelezo yakiwa sawa, hujathibitisha kwamba faili halijabadilika. Umejua tu kwamba maelezo ni sawa. Mimi niliyafanya mambo hayo mawili kuwa kitu kimoja, na katikati yake ndipo alipopotelea mtoto wa 82.

Kutoka hapo, kanuni nne nilizozifuata kurekebisha:

1. Usiulize "ni jipya zaidi?" Uliza "ni tofauti?" Saa inaweza kurudi nyuma.

2. Kama ni programu yako mwenyewe iliyobadilisha faili, usingoje tarehe ikuambie. Futa kache papo hapo, kwa sababu wewe unajua. Kanuni hii peke yake ingeniokoa Ijumaa ile.

3. Majina na wastani vitoke kwenye usomaji mmoja. Usichanganye kitu kibichi cha kwenye faili na kiporo cha kwenye kache. Na kabla ya kutumia, hesabu: majina 47, wastani 47? Kama hapana, simama na useme.

4. Jambo likiwa na uzito, angalia yaliyomo. Kuna hesabu inayoitwa SHA-256 ambayo inasoma faili zima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole ya faili hilo. Badilisha 28 iwe 82, na alama nzima inabadilika, tarehe iseme inavyotaka.

Hapo nikajiuliza swali la aibu. Kama nalisoma faili zima kila mara, kache ni ya nini? Nikapima. Kupiga hesabu za wanafunzi wote 47 kulichukua chini ya sekunde moja. Nilikuwa nimeweka kache kuokoa muda ambao haukuwa unapotea, na nikalipa kwa ripoti ya mtu. Nikaifuta. Programu ikapungua karibu theluthi ya mistari yake. Kache ina mahali pake, kwenye mifumo ya watu maelfu na mafaili maelfu, lakini pima kwanza ndipo uongeze.

Ripoti ya yule kijana tuliichapa upya na zile nyingine za orodha ya masahihisho, na mwalimu wa taaluma akaandika kwa mkono chini yake kwamba ya mwanzo ilikuwa na kosa la ofisi. Nilimwambia lilikuwa la kwangu. Akasema, "Mwalimu, ukishakuwa kazini, la kwako ndilo la ofisi." Jumatano nikashuka Dodoma mjini kununua betri ya sarafu. F1 haikuhitajika tena.

Zoezi

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Weka msimbo huu kwenye flashi na uuendeshe ukiwa humohumo, mara 10:

    import os, time
    def andika(neno):
        with open("alama.txt", "w") as f:
            f.write(neno)
        s = os.stat("alama.txt")
        return s.st_mtime, s.st_size
    a = andika("28")
    time.sleep(0.5)
    b = andika("82")
    print(a == b)

Ikichapa True, maana yake hali ya faili inadai hakuna kilichobadilika. Kwenye flashi ya FAT32 tegemea True karibu mara tatu kati ya nne. Kisha hamishia kwenye diski ya ndani, urudie. Flashi kubwa zenye mfumo wa exFAT zina hatua ndogo zaidi, kwa hiyo angalia kwanza yako ni ya aina gani. Na kama utapata jibu tofauti na langu, tafuta ni kitu gani kimebadilika kati ya kompyuta yako na yangu. Kazi yenyewe inaanzia hapo.